Kompyuta ya Zamani Inapokataa Kuwaka: Tuanze na Kinachoilisha

Mashine inapokataa kuwaka, jambo la kwanza tunalolifanya wengi wetu ni kuizima na kuiwasha tena. Ikikataa, tunarudia mara ya tatu, safari hii kwa hasira kidogo. Kwa kompyuta nyingi za leo kitendo hicho hakina madhara makubwa. Lakini kwa kompyuta tutakayoieleza katika makala hii, kuiwasha mara moja tu bila kupima kwanza kunaweza kuwa ndiko kuiua.

Kompyuta yenyewe ni Commodore 64. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zilitengenezwa nyingi mno, na mpaka leo zinaendelea kutolewa kwenye stoo na dari za nyumba huko Marekani na Ulaya, nyingine zikiwa zimekaa miaka 30 bila kuguswa. Pili, ndani yake kila chipu ina kazi moja inayojulikana, tofauti na mashine za siku hizi ambazo kazi zote zimefichwa ndani ya chipu chache. Fundi anayejifunza kutafuta hitilafu anaweza kuifuata safari yote ya umeme kwa macho na kwa mita yake. Atakayeielewa mashine hii atakuwa amejifunza namna ya kufikiri mbele ya mashine yoyote iliyogoma.

Commodore 64 ni mashine gani?

Commodore 64 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1982 katika maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Las Vegas, Marekani, na ikaanza kuuzwa Agosti mwaka huo kwa dola 595. Mwasisi wa kampuni iliyoitengeneza, Jack Tramiel, alizaliwa Poland, akanusurika katika kambi ya Auschwitz wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akahamia Marekani ambako alianza biashara kwa kutengeneza taipureta zilizoharibika. Kampuni yake ilikuja kumiliki kiwanda cha chipu kiitwacho MOS Technology huko Pennsylvania, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoiwezesha kuuza kompyuta kwa bei ambayo familia ya kawaida ya nchi hizo iliimudu.

Mashine hiyo ilipendwa sana Marekani, Uingereza na Ujerumani, ambako kampuni ilikuwa na kiwanda katika mji wa Braunschweig. Utengenezaji ulikoma mwaka 1994 kampuni ilipofilisika. Inakadiriwa kuwa ziliuzwa kati ya milioni 12 na milioni 17.

Kwa umbo, Commodore 64 ni kibodi nene yenye kompyuta nzima ndani yake. Haikuwa na skrini yake. Iliunganishwa na televisheni ya sebuleni. Programu zilisomwa kutoka kwenye kaseti, diski au katriji. Kumbukumbu yake ya RAM ni kilobaiti 64 tu, na prosesa yake, iitwayo 6510, inakwenda kwa mizunguko karibu milioni moja kwa sekunde. Leo picha moja iliyopigwa kwa simu ni kubwa kuliko kumbukumbu hiyo yote.

Kwa nini tusikurupuke?

Ndani ya mashine hii kuna chipu mbili zilizoipa sifa: ile ya picha iitwayo VIC-II na ile ya sauti iitwayo SID. Chipu hizo za asili hazitengenezwi tena. Wapo wapenzi wa mashine hizi waliobuni za kuigiza, lakini anayetaka ya asili hana budi kuitoa kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo kila VIC-II inayoungua leo kwa uzembe ni moja iliyopungua duniani, na haitazalishwa nyingine kuijazia nafasi.

Zaidi ya chipu, ipo thamani isiyopimwa kwa fedha. Tuchukue mfano wa binti mmoja wa Braunschweig ambaye, baada ya kumzika baba yake, anapanda darini na kukuta sanduku. Ndani yake mna Commodore 64, adapta yake, na kaseti tatu zenye mwandiko wa marehemu. Kwenye mojawapo kumeandikwa jina la binti huyo na mwaka 1986. Hajui kuna nini humo. Huenda ni mchezo ambao baba alimtungia alipokuwa mtoto. Anaishusha mashine, anaipangusa vumbi, na plagi ya ukutani iko hatua mbili kutoka aliposimama. Afanye nini?

Tutarudi kwa binti huyu baadaye. Kwanza tuone mashine inavyoamka ikiwa nzima.

Hatua za kuamka kwa mashine nzima

Mtu anapobonyeza swichi, mambo yafuatayo hutokea kwa mpangilio huu:

1. Umeme unafika kwenye bodi. Saketi ndogo ya kuanzishia inaizuia prosesa kwa muda mfupi, chini ya sekunde moja, mpaka umeme utulie. Kisha inaiachia.

2. Prosesa inasoma maagizo ya kwanza kutoka kwenye chipu ya ROM iitwayo KERNAL.

3. Inaangalia kama kuna katriji ya kujiendesha yenyewe. Ikiwepo, inaikabidhi kazi.

4. Inaziandaa chipu mbili za mawasiliano ziitwazo CIA. Moja kati ya hizo ndiyo inayosoma kibodi.

5. Inaipima kumbukumbu ya RAM baiti kwa baiti, mpaka ifike mwisho wa eneo linalotumika.

6. Ndipo inapoiandaa chipu ya picha.

7. Mwisho inaingia kwenye lugha ya BASIC, iliyomo kwenye ROM nyingine, nayo inaandika salamu kwenye skrini.

Kwa jumla safari hii huchukua kama sekunde 3. Skrini inakuwa ya buluu yenye pambizo za buluu iliyopauka, na maandishi yanasema kwamba mashine ina RAM ya 64K, ikifuatiwa na maneno "38911 BASIC BYTES FREE". Chini yake panatokea neno "READY." na mraba mdogo unaowaka na kuzimika.

Tunaomba msomaji azingatie hatua ya 5 na ya 6. Picha huandaliwa baada ya kumbukumbu kupimwa. Hii ina maana kwamba skrini nyeusi si lazima iwe kosa la chipu ya picha. Mara nyingi ni dalili kwamba prosesa ilikwama njiani na haikuifikia hatua ya 6. Wapo waliotupa chipu nzima ya VIC-II kwa kutolijua jambo hili.

Adapta ndiyo ya kushukiwa kwanza

Adapta ya Commodore 64 ni boksi zito linalokaa nje ya mashine. Linatoa umeme wa aina mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu, ule unaoandikwa DC kwenye mita, na volti 9 za mkondo geu, ule unaoandikwa AC. Volti 5 ndizo zinazolisha sehemu kubwa ya chipu. Volti 9 hutumika kupata umeme mwingine unaohitajika ndani, ukiwamo wa sauti na wa mota ya kaseti.

Adapta nyingi za asili zilijazwa utomvu mgumu ndani, kiasi kwamba haziwezi kufunguliwa na kutengenezwa. Utomvu huo hushikilia joto, na joto huchosha kidhibiti cha volti 5. Kidhibiti kikifa vizuri kinakata umeme kabisa, na hapo mashine haiwaki lakini inabaki salama. Tatizo ni kwamba kidhibiti hiki mara nyingi hufa vibaya: kinaacha kuzuia, volti zinapanda kupita 5, na chipu zinapokea umeme ambao hazikutengenezewa. Chipu za RAM ndizo kwa kawaida hutangulia kuungua, na inaweza kuwa suala la sekunde tu. Taa ya mashine haitoi onyo lolote. Inaendelea kuwaka kama kawaida.

Kwa sababu hiyo, adapta ya zamani isichomekwe kwenye mashine kabla haijapimwa. Kipimo kifanyike kama ifuatavyo:

1. Chomeka adapta ukutani ikiwa haijaunganishwa na kompyuta. Plagi yake ya upande wa kompyuta ni ya duara yenye nafasi ya pini 7. Kwa kufuata namba za kwenye mchoro wa mwongozo wa mashine, pima volti za mkondo mnyoofu kati ya pini ya 5 na ya 2, na volti za mkondo geu kati ya pini ya 6 na ya 7.

2. Volti 5 zinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu, yaani kuanzia 4.75 hadi 5.25. Ikizidi hapo, adapta hiyo isitumike tena. Zile volti 9 zikisoma 10 au zaidi kidogo bila mzigo, usiogope. Hiyo ni kawaida.

3. Usiridhike na kipimo cha adapta baridi. Unganisha rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5 kwenye zile volti 5, iache nusu saa huku adapta ikipata joto, kisha pima tena. Adapta inayoumwa huonyesha ugonjwa wake ikiwa imebeba mzigo na imepata moto. Angalia usiishike hiyo rezista, kwani nayo itakuwa ya moto.

Hata adapta iliyofaulu leo inaweza kufeli mwezi ujao. Ushauri wetu ni kutumia adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii, au kuweka katikati kifaa cha kinga kinachokata umeme volti zikizidi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kinacholindwa.

Aidha, kwa msomaji wa hapa kwetu ambaye ameletewa mashine ya namna hii na ndugu aliyeko nje, upo mtego mwingine. Adapta ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti kama 117, wakati umeme wetu ni wa volti 230. Ikichomekwa ukutani moja kwa moja itaungua. Isitoshe, picha ya mashine ya Marekani ni ya mfumo wa NTSC, ambao televisheni nyingi za zamani za mfumo wa PAL haziuonyeshi. Mashine iliyotoka Ujerumani au Uingereza haina matatizo hayo mawili.

Kabla ya kubonyeza swichi

Adapta ikishathibitishwa, yafanyike haya:

Ondoa kila kitu kilichochomekwa kwenye mashine: kaseti, diski, katriji, printa na vijiti vya kuchezea. Kifaa kimoja chenye shoti kinaweza kuizuia mashine nzima isiamke.

Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa bodi au matundu ya vijiti vya kuchezea. Umeme tuli wa mwilini, hasa wakati wa hali ya hewa kavu, unatosha kuziua zile chipu za CIA.

Bonyeza swichi mara kadhaa ikiwa haina umeme. Swichi iliyokaa miaka mingi hushika kutu nyembamba kwenye vigusio, na kuichezesha hivi huisafisha kidogo. Ikibidi tumia spiriti safi.

Hakikisha televisheni nayo ni nzima na iko kwenye chaneli sahihi. Huko Ulaya mashine hii hurusha picha kwenye chaneli ya 36 ya analojia. Huko Marekani ni ya 3 au ya 4. Televisheni mpya ambazo hazipokei tena analojia zinahitaji waya wa video unaochomekwa kwenye tundu la duara la nyuma ya mashine.

Tunatoa onyo moja zito. Televisheni ya kioo kinene cha zamani isifunguliwe na mtu asiye fundi. Ndani yake kuna umeme mkali unaoweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani, nao unaweza kuua.

Taa haiwaki

Taa ndogo iliyo juu ya kibodi inapata umeme kutoka kwenye zile volti 5. Isipowaka, tafuta kwenye adapta, kwenye waya wake, kwenye tundu la kuchomekea na kwenye swichi. Hakuna haja ya kugusa chipu yoyote. Pima kama volti 5 zinafika upande wa pili wa swichi. Zikiishia kwenye swichi, umepata jibu.

Taa inawaka lakini hakuna picha

Hapa ndipo wengi hupotea. Kwanza itazame televisheni. Kama inaendelea kuonyesha chenga, au inaandika kwamba hakuna mawimbi, basi hakuna picha yoyote inayotoka kwenye mashine, au waya ni mbovu. Kama chenga zimetulia na skrini imekuwa nyeusi safi mara tu ulipowasha, chipu ya picha inatoa mawimbi na kuna tumaini kubwa kwamba iko hai. Hizi ni hali mbili tofauti, wala zisichanganywe.

Hali ya kwanza ikitokea, kagua fyuzi iliyo kwenye bodi karibu na swichi, ya ampea 1.5. Inapitisha zile volti 9 za mkondo geu. Kwenye bodi za miaka ya mwanzo, chipu ya picha hutegemea umeme unaotokana na volti hizo. Fyuzi ikikatika, taa itawaka vizuri kwa volti 5, lakini picha haitakuwepo kabisa. Fyuzi ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote, na kuna mashine zilizovunjwa vipuri kwa sababu yake tu.

Hali ya pili ikitokea, yaani skrini nyeusi iliyotulia, prosesa haikuifikia hatua ya 6. Endelea hivi:

1. Pima volti 5 kwenye miguu ya chipu zenyewe, mashine ikiwa imewashwa.

2. Pima mguu wa 40 wa prosesa. Unatakiwa kuwa karibu na sifuri kwa muda mfupi baada ya kuwasha, kisha upande. Usipopanda, saketi ya kuanzishia bado inaizuia prosesa, na hakuna kingine kitakachofanya kazi.

3. Baada ya dakika moja zima mashine na uguse chipu moja moja kwa ncha ya kidole, kwa haraka. Chipu za picha na sauti hupata joto kwa kawaida. Lakini zile 8 za RAM ni ndugu wanaofanana. Zote zinapaswa kuwa vuguvugu sawasawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, mshukiwa wako ni huyo.

4. Chipu ya SID ikiwa kwenye soketi, zima mashine, iondoe, kisha jaribu tena. Mashine inaweza kuamka bila sauti. Ikiamka, chipu hiyo ndiyo iliyokuwa inawazuia wengine.

5. Zikandamize taratibu chipu zote zilizo kwenye soketi, mashine ikiwa imezimwa. Miguu iliyoshika kutu mara nyingine hurudisha mawasiliano kwa kukandamizwa tu.

Mshukiwa mwingine mkubwa ni chipu iitwayo PLA. Tunaweza kuifananisha na askari wa barabarani: prosesa inapotaka kusoma, PLA ndiyo inayoamua iruhusiwe ROM, RAM au chipu nyingine. Askari akianguka njia panda, magari yote yanasimama hata kama ni mazima. PLA za bodi za mwanzo hupata moto sana na hufa mara nyingi. Zipo mbadala zake zilizobuniwa miaka ya karibuni.

Mafundi wa Commodore walikuwa na katriji maalumu ya kupimia mashine iliyogoma. Uzuri wake ni kwamba inaipima RAM bila kuitegemea RAM hiyo. Ikikuta chipu mbovu, inaimulika skrini idadi fulani ya mara, kuanzia mara 1 hadi 8, na idadi hiyo inataja ni chipu ipi kati ya zile 8. Nakala zake bado zinapatikana. Lakini katriji hiyo nayo inahitaji prosesa, PLA na chipu ya picha ziwe hai. Ikishindwa kuonyesha chochote, rudi kwenye hizo tatu.

Picha ipo lakini haiko sawa

Skrini ikitokea, hata ikiwa mbovu, shukuru. Mashine inajaribu kusema. Ifuatayo ni namna ya kuisikiliza:

Namba ni ndogo kuliko 38911. Eneo linaloachiwa lugha ya BASIC linaanzia anwani ya 2048 na kuishia 40959, na namba hiyo hutokana na hapo. Kipimo cha RAM husimama pale kinapokuta baiti mbovu ya kwanza. Kwa hiyo namba iliyopungua ni taarifa kamili: kumbukumbu ina kasoro mahali fulani.

Mashine inalalamika kwamba kumbukumbu imejaa kabla hujaandika chochote. Hii nayo kwa kawaida ni RAM.

Rangi ziko sawa na mraba unawaka na kuzimika, lakini herufi ni takataka tupu. Shuku ROM inayotunza maumbo ya herufi.

Skrini ni tupu haina salamu, lakini katriji ya mchezo inafanya kazi. Prosesa, PLA na picha ni nzima. Shuku ROM ya BASIC, kwa sababu katriji hiyo haihitaji kupita huko.

Salamu imetokea vizuri, lakini mraba umeganda na kibodi haijibu. Shuku chipu ya CIA inayosoma kibodi, kwani hiyo hiyo ndiyo inayopiga saa ya kuuwasha na kuuzima ule mraba.

Turudi kwa binti wa Braunschweig

Binti wetu hakuchomeka mashine. Aliipima adapta ikiwa baridi, akapata 5.1, akafurahi. Lakini alifuata ushauri wa kuibebesha mzigo, na baada ya dakika 20 mita ilisoma zaidi ya 6. Akaiweka pembeni, akafunga mkanda kwenye plagi yake ili mtu mwingine asije akaitumia, akaagiza mpya.

Kwa adapta mpya, taa iliwaka, chenga zilitulia, skrini ikawa nyeusi. Fyuzi ilikuwa nzima. Kidole chake kilipopita juu ya chipu 8 za RAM, moja ilikuwa ya moto kuliko nyingine. Katriji ya kupimia ilimulika idadi ya mara inayoitaja chipu hiyo hiyo. Mashahidi wawili walikubaliana.

Hapo alimwita fundi. Chipu za RAM kwenye bodi nyingi zimechomewa kwa risasi moja kwa moja, bila soketi. Fundi mzuri hang'oi chipu iliyokufa kwa nguvu. Anaikata miguu mmoja mmoja, kisha anautoa kila mguu peke yake kwa joto kidogo. Chipu ni ya kutupwa, lakini njia nyembamba za shaba za bodi zikibanduka ni kazi kubwa kuzirudisha. Fundi aliweka soketi, akachomeka chipu nyingine akihakikisha kijikato cha kichwani kinaelekea upande ule ule wa ile ya awali. Baada ya sekunde 3 skrini ilikuwa ya buluu, na namba ilikuwa 38911.

Tujiulize: chipu ile ilikufa lini? Binti hakuiwasha mashine kwa adapta mbovu. Bila shaka ilikufa zamani, mikononi mwa baba yake mwenyewe, na pengine ndiyo sababu mashine ilipandishwa darini. Na laiti fundi angebadilisha chipu na kurudisha adapta ile ile, chipu mpya ingeungua siku hiyo hiyo pamoja na nyingine ambazo hazikuwa na kosa. Wangebaki wanabadilisha chipu mpaka ziishe, huku muuaji amelala sakafuni akiwa na taa inayowaka vizuri.

Hitimisho

Tungependa msomaji abaki na mpangilio huu: kinacholisha kwanza, kisha waya na swichi, kisha fyuzi, kisha dalili za skrini, na chipu mwisho. Tusibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana mashine ikipona hatutajua nini kilichoiponya. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, ili atakayekuja baada yetu asianze upya.

Na kabla ya kubadilisha kilichoungua, tuulize kwanza ni nini kilichokiunguza. Swali hilo halina gharama, na ndilo litakaloamua kama mashine itapona kweli au itarudi mezani wiki ijayo.

Kuhusu kaseti ile yenye jina, nayo isiharakishwe. Utepe wa miaka mingi unaweza kunata au kukatika, na kinasa kilichokaa bila kazi huhitaji kusafishwa kichwa na kukaguliwa mkanda wake wa mpira kabla ya kuwekewa chochote. Binti aanze na kaseti isiyo na thamani. Ile ya baba yake imesubiri tangu 1986. Inaweza kusubiri siku moja zaidi.